Ntare Alitoka Wapi, na Kwa Nini Tunauliza

Siku moja mvua ilitusukuma wote chini ya bati la gereji moja hapa Buyenzi. Mzee mmoja, fundi wa breki, alikuwa anasimulia habari za Dhulkarnaini, yule wa Surat al-Kahf aliyejenga ukuta wa chuma. Kijana wa shule akadakia: "Mzee, wengine wanasema huyo ndiye Alexander, Mgiriki." Mwingine akabisha: "Mgiriki wapi! Mmasedonia yule." Mzee akacheka: "Amekufa zamani hivyo, na bado mnamgombania pasipoti?"

Ndugu wasomaji, watu wamemgombania kweli. Alexander alikufa Babeli mwaka 323 kabla ya Kristo. Yugoslavia ilipovunjika mwaka 1991, nchi moja iliyojitenga ilijiita Macedonia. Ugiriki ikakataa, maana nayo ina eneo lenye jina hilo hilo. Mwaka 2006 uwanja wa ndege wa Skopje ukapewa jina la Alexander. Mwaka 2011 ikasimamishwa katikati ya mji sanamu kubwa ya mpiganaji juu ya farasi, na kila mtu akajua ni nani. Mwaka 2018 jina likatolewa kwenye uwanja, mkataba ukasainiwa Prespa, na tangu 2019 nchi ile inaitwa Macedonia Kaskazini.

Tulicheka sana. Halafu nikarudi nyumbani nikawaza: kwani sisi je?

Mwaka huo huo wa 2019, uwanja wa ndege wa Bujumbura ulipewa jina la Melchior Ndadaye, na ikulu mpya iliyojengwa na China kaskazini mwa mji ikapewa jina la Ntare Rushatsi, mwanzilishi wa ufalme wa Burundi. Jina ni zuri. Lakini jina lililoandikwa ukutani halisemi ni hadithi ipi ya Ntare tunayoiheshimu, maana hadithi ni mbili.

Ya kwanza ni ya Kanyaru. Inasema Ntare ni wa ukoo mmoja na wafalme wa Rwanda, uzao wa Gihanga, na kwamba alitokea kaskazini. Ya pili ni ya Nkoma, ule mlima wa kusini-mashariki. Hii inasema alitokea upande wa Buha, yaani Kigoma ya leo. Mwanahistoria Mfaransa Jean-Pierre Chrétien aliandika makala mwaka 1981 juu ya hadithi hizi. Hoja yake ni kwamba ile ya Kanyaru ilipata nguvu wakati wa ukoloni, kwa sababu ilikubaliana na nadharia ya Wazungu kwamba watawala wote wa huku ni "Wahamiti" waliotoka mbali kaskazini, na kwamba raia walikuwa watu wa aina nyingine.

Kwa hiyo ubaya wa hadithi ya Kanyaru siyo kumtoa Ntare kaskazini. Mtu anaweza kutoka popote. Ubaya ni kazi iliyopewa: kugawa watu wa nchi moja, huyu wa kutawala, yule wa kutawaliwa. Tunajua sote mgawanyo huo ulitufikisha wapi. Wengi wetu tupo kambini kwa sababu yake.

Sasa niseme na la kwangu. Mimi nimekulia Mtabila, Kasulu, mpaka kambi ilipofungwa mwaka 2012. Kasulu ni Buha. Kiha na Kirundi vinasikilizana, hata sokoni hatukuhitaji mkalimani. Tuliporudi Burundi, jirani mmoja aliniambia: "Wewe si Mrundi, wewe ni Mha tu." Kirundi changu kilikuwa na lafudhi ya kule, na nikikasirika nilitukana kwa Kiswahili. Nikamjibu: "Hata Ntare alitoka Buha!" Akanyamaza. Nikaona nimeshinda.

Leo nikisoma tena jibu langu, naona halina tofauti na sanamu ya Skopje. Nilimpandisha marehemu juu ya farasi ili anigombee. Na hadithi ya Nkoma nayo ina mapengo yake. Ntare hakuja kuomba kiwanja cha kujenga. Alikuja kutawala. Waliokuwepo kabla yake tunawasikia kidogo tu, kwa sababu hadithi imetunzwa na ufalme. Mkimbizi akijifananisha na mfalme mtekaji anajidanganya: sisi tulivuka mpaka na magodoro kichwani.

Tena ukimtegemea mtekaji akupe uraia, jua kwamba alichokiunganisha kinaweza kukatwa. Ntare Rugamba, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alipanua nchi kwa vita, mpaka Bugufi ikawa ndani ya Burundi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji na Waingereza walichora mpaka, Bugufi ikabaki Tanganyika. Leo ni Ngara. Mtu wa kule hakuhama hata hatua moja, ila nchi ndiyo ilimhama.

Basi tumwache Ntare? Hapana. Tumsome vizuri. Rushatsi maana yake ni mwenye nywele nyingi zisizochanwa. Jina lake lingine, Cambarantama, maana yake ni aliyevaa ngozi ya kondoo. Hayo ni majina ya mtu aliyeonekana mgeni siku aliyofika, na ufalme haukuyaficha. Uliyahifadhi kwa vizazi. Kwa hiyo anayekwambia "ninyi mmetoka kwingine" hajasema neno lolote dhidi ya Urundi wako. Hadithi zote mbili zinakubali kwamba mwanzilishi mwenyewe alifika.

Lakini haki yangu ya kuishi Buyenzi haitoki kwa Ntare. Inatoka kwenye karangamuntu yangu, kwenye kazi ya mikono yangu, na kwa majirani tunaozikana. Ingekuwa inatoka kwa Ntare, yule ndugu Mkongomani aliyepo Kavumu au Bwagiriza, asiye na Ntare wa kumtaja, angekosa yote. Na yeye anastahili kupokelewa salama kama mimi nilivyopokelewa Kasulu. Wenzetu wa mashirika, mnapofika kwenye ile nafasi ya "asili" katika fomu, kumbukeni mstari mmoja hautoshi, na anayesita kujibu si lazima awe anadanganya.

Mvua ilipokatika, mzee alimalizia hadithi yake. Dhulkarnaini alipowafikia watu wale wa milimani, alisema, hawakumwuliza katoka wapi. Walimwomba msaada, akawajengea, na malipo hakuyataka.

Kijana akauliza: "Lakini mzee, ukuta ule si ulikuwa wa kuzuia watu wengine?"

Mzee akamtazama kwa muda. "Hilo nalo ni swali," akasema. "Nipe spana."