Vitunda Viwili Mbele ya Malkia

Katika kumbi za maonyesho ya Expo 2020, usiku wa kuamkia tarehe 4 Desemba 2021, Magnus Carlsen wa Norway, bingwa wa dunia wa sataranji wakati huo, na Ian Nepomniachtchi wa Urusi, aliyekuja Dubai kulidai taji lake, walikaa ubaoni tangu saa kumi na nusu alasiri hata saa sita ya usiku ikawapita, wakacheza hatua 136, urefu ambao haujapata kuonekana katika mchezo wowote wa kugombea ubingwa wa dunia. Mchezo mrefu kuliko yote kabla ya huo ulikuwa ule wa Karpov na Korchnoi, uliochezwa Baguio, Ufilipino, mwaka 1978, nao ulikoma kwenye hatua ya 124 bila ya mshindi.

Magazeti yalishughulika na urefu. Kwangu mimi urefu ni jambo la pili. La kwanza ni kwamba aliyeshinda alimaliza mchezo hana malkia, ila ngome moja, farasi mmoja na vitunda viwili, na aliyeshindwa alimaliza akiwa na malkia mzima, hakupungukiwa na uwezo wake hata chembe. Kitunda ndicho kiumbe dhaifu kuliko wote ubaoni: hakirudi nyuma, kwa kawaida huenda mraba mmoja mmoja, na mchezaji mwanagenzi hukitoa mhanga kama mtu atupaye kokwa ya tende. Je, viwili vya namna hii hupimwaje mbele ya malkia?

Hesabu ya vitabu hukipa kitunda alama moja, farasi na kasisi tatu tatu, ngome tano, malkia tisa. Hesabu ya jinsi hii ni kongwe, na watu wa nchi za Kiarabu waliijua kabla ya Ulaya, maana wajuzi wa Baghdad wa zama za Bani Abbas, akina al-Adli na as-Suli, walikadiria kila kete kwa dirhamu na visehemu vya dirhamu, ngome ikawa dirhamu kamili. Na la kuangaliwa zaidi katika makadirio yao ni kuwa kitunda cha katikati ya ubao hakikuwa bei moja na kitunda cha pembeni. Waliliona hilo ingawa kwa kanuni za wakati wao kitunda kilichofika mwisho wa safari hakikupata cheo kingine ila cha firzani, aliyekuwa akienda mraba mmoja tu kwa mshazari, kwa kuwa malkia avukaye ubao mzima kwa pigo moja hakuzaliwa mpaka mwishoni mwa karne ya 15. Mcheza bao wa Unguja hahitaji kufundishwa jambo hili. Kete 64 za mchezo wake ni sawa zote, hakuna bora wala duni, na thamani ya kila moja hutoka katika shimo ilimolala na katika zamu ya mwenye kuiokota. Sataranji ina ukweli huo huo, ila huuficha nyuma ya sura na majina makubwa.

Sasa tuutazame ubao wenyewe. Tangu mchezo wa kumi wa shindano la New York mwaka 2016, michezo 19 mfululizo ya kugombea ubingwa, ile ya mwendo wa polepole, ilikuwa imekwisha sare, na sababu moja ni kwamba wachezaji wa daraja hilo hubadilishana vitu vilivyo sawa mpaka ubao ukawa jangwa. Katika hatua ya 26 Carlsen, mwenye kete nyeupe, alikataa usawa huo: alimtoa malkia wake, akapata ngome mbili. Zikafuata hatua za haraka, maana kila mmoja alipewa saa mbili kwa hatua 40 za mwanzo na saa zilikuwa zikiwaishia, na kila mmoja akapitwa na nafasi njema, hayo nayaacha. Katika hatua ya 80 Carlsen alitoa ngome moja ili ale kitunda, na hatua mbili baadaye ngome iliyosalia ikamla kasisi. Wakabaki mweupe na ngome, farasi na vitunda vitatu, mweusi na malkia na kitunda kimoja. Kwa hesabu ya vitabu ni 11 kwa 10, tofauti ambayo hakuna mtu mzima angeiita ushindi.

Lakini angalia jinsi mweupe alivyojipanga katika hatua ya 85. Mfalme wake amesimama f2, na hapo anavilinda vitunda viwili, cha e3 na cha g3. Vitunda hivyo viwili vinakilinda cha tatu kilicho f4. Na kile cha e3 kinamlinda pia farasi aliye d4. Malkia mweusi anaweza kuvifikia vyote, wala hawezi kukila hata kimoja, kwa sababu kila kimoja kina mlinzi, naye akila kitu chenye mlinzi ataliwa yeye. Hapa ndipo ughali unapomgeukia mwenyewe. Ngome huweza kubadilishana na ngome, farasi na kasisi, lakini malkia aliyebaki peke yake hana wa kubadilishana naye: kila kitishwacho kwake sharti akikimbie, hata kikitoka kwa kitunda, seuze kwa farasi, na hana alifanyalo ila kumpa mfalme shaha, yaani kumtishia, kwa mbali akitaraji kuzunguka bila kikomo. Kitunda hakina hofu hiyo. Unyonge wake ndio unaokipa haki ya kumfukuza mkubwa, kwani kikipotea pamoja naye ni faida kwa mwenyewe.

Yapo pia manufaa ya kitunda ambayo wasimulizi wengi huyapita. Kanuni yasema kwamba hatua 50 zikipita hakuna kitunda kilichosogezwa wala kete iliyoliwa, mchezaji aweza kudai sare. Kwa hiyo kila mwendo wa kitunda huanzisha hesabu upya, nao ni akiba isiyorudishwa, kwa kuwa kitunda hakirudi nyuma. Carlsen aliitumia akiba hii kwa ubahili wa ajabu: baada ya kumla kasisi katika hatua ya 82 hakusogeza kitunda chochote mpaka hatua ya 110, akamzungusha farasi na ngome kutafuta mpango mwema, ndipo kile cha e3 kilipokwenda e4. Mwenye papara angevisukuma mbele mapema, akagundua baadaye kuwa vimepita mahali pa kulindwa.

Katika hatua ya 113 Nepomniachtchi alikitoa kitunda chake cha pekee ili naye ale kimoja. Naona alifanya vyema, kwa sababu kitunda cha g3 kilikuwa ngao ya mfalme mweupe, na kuondoka kwake kulimfungulia malkia njia za kutoa shaha. Zikabaki kete saba kwa jumla, na hali za kete saba zimekwisha kukokotolewa zote na kompyuta, wala hazina siri tena. Hukumu yake ilikuwa sare. Ndiyo kusema kwamba kwa haki iliyo kamili vitunda viwili, pamoja na wenzao, havikutosha. Hata hivyo mizigo haikuwa sawa: mweupe akikosea hupoteza nafasi ya kushinda tu, ilhali mweusi akikosea mara moja amekwisha, na tangu hatua ya 61 walikuwa wakiishi kwa akiba ya dakika chache na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua.

Kosa lilikuja katika hatua ya 130. Kitunda cha mweupe kilikuwa kimefika e5, na malkia, ambaye salama yake ilikuwa kukaa nyuma na mbali, akaja kusimama e6, mbele yake, kukizuia. Nimzowitsch, mwalimu wa sataranji mzaliwa wa Riga, alikwisha kufundisha katika kitabu chake cha mwaka 1925 kwamba kazi ya kukizuia kitunda yamfaa farasi, wala haimfai malkia, kwa kuwa mlinda mlango hafai kuwa yule anayehitajika kila mahali. Mfalme mweupe akapanda h4. Malkia akatoa shaha, farasi akaikinga. Kitunda kikaingia e6, mwenzake akafika f5, farasi akatua g7 katika hatua ya 136, na Nepomniachtchi akakubali kushindwa.

Wako wasemao kwamba ni uchovu uliompiga, si vitunda. Sikatai uchovu, lakini nauliza ulitoka wapi, maana kwa zaidi ya hatua 50 mtu mmoja alikuwa akijibu maswali ambayo mwenziwe alikuwa na hiari ya kuyauliza au kutoyauliza. Tena mambo hayakuishia hapo. Tarehe 7 Desemba, katika mchezo wa tisa, Nepomniachtchi, safari hii mwenye kete nyeupe, alikuwa na kasisi ndani ya eneo la adui, b7, akakisukuma kitunda chake c5 bila kuangalia kilicho mbele. Carlsen alijibu kwa kusogeza kitunda cheusi mraba mmoja, kutoka c7 hadi c6, na njia pekee ya kasisi kurudi kwao ikafungika. Kasisi hakutoka tena, mchezo ukapotea, na tarehe 10 Desemba shindano likakoma kwa alama 7½ kwa 3½, michezo mitatu ikiwa haijaguswa.