Mililita Moja na Nusu

Mtoto ana siku tatu, ana maambukizi, na mizani imesoma kilo 3. Amepimwa bila nguo, maana hata khanga yenye unyevu ina uzito wake. Antibiotiki ya jentamaisini kwa umri huu ni miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Kwa hiyo 15. Lakini kichupa kina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Ukivuta moja kwa moja, dozi haifiki hata nusu mililita, na hapo kukosea mstari mmoja wa bomba la sindano ni kukosea sana. Muuguzi anayeijua kazi haanzi kwa kuvuta. Anaongeza mililita 6 za maji ya sindano, dawa inakuwa mililita 8, kila moja na miligramu 10. Anachukua moja na nusu. Analiinua bomba hadi usawa wa macho, analigonga kwa kidole, anatoa hewa. Ni hesabu ya shule ya msingi, ila shuleni hatukuifanya saa nane za usiku mbele ya mama anayelia.

Katika kituo cha afya cha vijijini, kama pale Kinyangiri wilayani Mkalama, ufundi huu ndio ngao ya figo. Jentamaisini, iliyogunduliwa 1963, huokoa watoto wengi, tena kwa bei nafuu. Mwili hauivunji, hutoka na mkojo kama ilivyoingia. Njiani, seli za mirija ya figo huimeza kidogo kidogo, ikalundikana na kuzalisha kemikali kali zinazoziunguza kwa ndani. Mtoto huweza kuendelea kukojoa vizuri huku figo zikiumia, kwa hiyo nepi iliyolowa si ushahidi wa kutosha. Ndiyo sababu muuguzi huandika saa ya kila dozi na kuhesabu siku.

Maabara nazo zinatafuta ngao nyingine. Mwaka 1958 Aaron Lerner na wenzake wa Yale waliitenga melatonini kutoka kwenye tezi za ubongo wa ng'ombe. Homoni hii, ambayo miili yetu huitoa gizani, ilikuja kuonekana kuwa inazidhibiti kemikali hizo kali. Panya waliopewa jentamaisini pamoja na melatonini wameumia figo kidogo kuliko waliopewa jentamaisini peke yake. Habari njema kwa panya! Kwa binadamu bado haijawa tiba ya kawaida ya kulinda figo, na sioni sababu ya kuikimbilia dukani.

Kabla ya sindano muuguzi huuliza: "Mama, mtoto amepewa dawa gani nyumbani?" Swali hilo nalo ni sehemu ya ufundi, kwa kuwa baadhi ya dawa za maumivu huziongezea figo mzigo. Usione haya kujibu. Za dukani, za miti shamba, zitaje zote kabla bomba halijavutwa.