Mpini Uliotuma SMS

Mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Oxford kiliendesha jaribio la pampu za mkono 66 huko Kyuso, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui. Ndani ya mpini wa Afridev, pampu iliyozoeleka vijijini Kenya, kilipachikwa kifaa chenye kipima mchapuko cha aina ile inayoigeuza skrini ya simu ukiilaza, pamoja na modemu ya GSM. Mpini ukipanda na kushuka, kifaa kinahesabu. Hesabu inasafiri kwa SMS hadi kwenye kompyuta za watafiti. Patrick Thomson, Rob Hope na Tim Foster walikuwa wameeleza mbinu hiyo katika makala ya 2012, baada ya kuijaribu kwanza Zambia.

Kupima mkono badala ya maji ndio uamuzi ninaoupenda zaidi. Mita iliyo kwenye bomba hupitiwa na mchanga na kutu. Mpini u mkavu, tena una nafasi tupu ndani. Gharama yake ni kwamba lita zinakisiwa, hazipimwi. Mtoto husukuma mipigo mifupi, na mpira wa pistoni ukichakaa, mtungi wa lita 20 hudai mipigo mingi zaidi. Kwenye jedwali, pampu inayokufa polepole inaweza kuonekana kama pampu yenye wateja wengi.

Kazi ngumu, hata hivyo, ni kusoma ukimya. Saa ikipita bila mpigo, huenda fimbo ya pampu imekatika. Huenda pia betri imeisha, mtandao umepotea, au mvua imenyesha na watu wamekinga maji ya paa. Sifuri iliyotumwa na kifaa na nafasi iliyobaki wazi kwa sababu ujumbe haukufika ni mambo mawili. Anayeyachanganya atamtuma fundi kwenye pampu nzima kwa pikipiki, kwa barabara za Kyuso, au ataiacha iliyoharibika ilale. Kwa hiyo kila kifaa kinahitaji historia: pampu hii huamka saa ngapi, Jumapili huwaje, Septemba huwaje kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo Ukambani huzitegemea kuliko za Machi.

Matokeo yanayotajwa sana ni kwamba muda wa kutengeneza pampu ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Sibishi. Lakini SMS haifungui bolti. Jaribio lilikuja na fundi aliye tayari, na mwaka huo matengenezo yalikuwa bure. Kilichopimwa ni kifurushi kizima, na sehemu ya kifaa peke yake haitengeki kwa takwimu hizo. Ni sawa kwamba baadaye kazi iligeuzwa kuwa huduma ya kulipia, FundiFix, Kitui na Kwale, kwa maana hapo ndipo swali la nani analipa fundi lilipoanza kujibiwa.

Uchambuzi wa 2019 ulitoa kitu ambacho hakikuwa lengo la kwanza. Data za kila saa kutoka pampu 266 mashambani Kenya zilipowekwa kando ya vipimo vya mvua, matumizi ya maji ya ardhini yalionekana kupungua kwa asilimia 34 msimu wa mvua. Watu walirudi kwenye mabwawa na vijito, maji ya karibu ingawa si salama. Mpini unaweza kusema hawakuja. Walikokwenda ilibidi waulizwe, na kaya 2,508 zilihojiwa.

Kaunti ya Makueni, kama vifaa hivi vingewekwa huko, ingekabili pengo hilo la kutojua watu walikokwenda kwa ukubwa zaidi. Huko, kama ilivyo sehemu nyingi za Kitui, wengi huchota kwenye mashimo ya mchanga mtoni na kando ya mabwawa ya mchanga, na shimo halina mpini. Mtandao wa vipimo ukijengwa juu ya pampu pekee utawahesabu walio na pampu, na kwa wengine karani wa dodoso atabaki na kazi.