Galatea na Mkoba wa Kazi wa Mwandishi Chipukizi wa Michezo ya Video: Uhakiki

Mwandishi chipukizi wa michezo ya video anapoandaa mkoba wa kazi, yaani sampuli atakazowasilisha kwa studio ili apimwe, mara nyingi hutanguliza historia ya ulimwengu aliouwazia: nasaba za wafalme, ramani, vita vya kale. Kurasa hizo zaweza kuwa na lugha ya kuvutia, lakini hazijibu swali la msingi la anayezisoma: je, mtunzi huyu anajua kumwachia mchezaji nafasi ya kutenda? Uhakiki huu unadai kwamba sampuli inayochezeka, hata ikiwa fupi, ndiyo inayolijibu, na kwamba Galatea ya Emily Short, iliyotolewa mwaka 2000, ingali kielelezo bora cha sampuli hiyo, ijapokuwa ina pengo.

Galatea ni bunilizi ya maandishi matupu. Mandhari ni moja, ukumbi wa maonyesho ya sanaa. Wahusika ni wawili: sanamu inayozungumza, na mhakiki wa sanaa ambaye nafasi yake hushikwa na mchezaji. Sanamu imempa mgeni kisogo. Mchezaji huandika amri fupi za kuuliza, kusimulia au kugusa. Programu hutunza kumbukumbu ya yaliyokwisha kutajwa na ya hali ya moyo ya Galatea, hivyo swali lilelile laweza kupata jibu tofauti likiulizwa mapema au likiulizwa baada ya ukaribu kujengeka. Miisho ni makumi kadhaa, na baadhi yake hupingana kuhusu Galatea ni nani hasa.

Nadharia ya fasihi simulizi inasaidia hapa. Fanani husema “Paukwa”, hadhira huitikia “Pakawa”. Itikio hilo huipa ngano uhai lakini haliwezi kuipindua. Katika Galatea, itikio la hadhira ndilo linaloamua ni hadithi ipi itakayokuwapo. Uhakiki wa fani na maudhui uliozoea matini iliyochapwa hupungukiwa hapo, kwa sababu uzito wa sentensi hutegemea iliyoitangulia, na iliyoitangulia haikuchaguliwa na mtunzi peke yake.

Pengo lake ni kwamba kila kitu kimo mikononi mwa mtu mmoja. Kazi ya studio sivyo ilivyo. Mwandishi hupewa lahajedwali na kuombwa, kwa mfano, kauli kumi za mlinzi wa ghala aliyesikia kishindo: “Nani huko?”, “Paka tena?”, “Toka nikuone!” Zote zibebe taarifa moja, zisichoshe zikirudiwa, na kila moja ifae kutamkwa na mwigizaji kwa pumzi moja. Galatea haithibitishi ustadi huo. (Wala riwaya nzuri haiuthibitishi, jambo ambalo wanariwaya hulikubali kwa shingo upande.)

80 Days, mchezo wa studio ya inkle wa mwaka 2014 uliotokana na riwaya ya Jules Verne ya mwaka 1873, unakaribia zaidi mahitaji hayo. Meg Jayanth aliandika vipande vifupi vya miji ambavyo kila kimoja hulazimika kueleweka msafiri awe amepitia njia yoyote. Kabla ya hapo alikuwa ametunga Samsara, simulizi ya machaguo inayotukia Bengal mwaka 1757. Kazi hiyo ndogo tayari ilichezeka, na ndiyo tofauti yake na rundo la nasaba za wafalme.

Gharama si kisingizio tena: Twine ilitolewa bure mwaka 2009, na lugha ya ink ikafunguliwa kwa wote mwaka 2016. Kwa mtunzi wa Kiswahili, uteuzi wa zana una uzito wa pekee. Inform, iliyozalisha Galatea, hutenganisha maneno ya mchezaji kwa nafasi na hutarajia kitenzi kisimame peke yake, kwa mazoea ya Kiingereza. Neno kama “nimuulize” limebeba mtenda, kitenzi na mtendwa kwa pamoja, na kichanganuzi hicho hakilijui. Twine na ink humpa mchezaji machaguo yaliyokwisha kuandikwa, hivyo sarufi yote hubaki kwa mtunzi.