Tai Aliyeuvunja Mdomo Wake: Uhakiki wa Mfano Mmoja wa Mimbarani

Kuna kisa kilichozoeleka sana katika mahubiri, ambacho siku hizi huwafikia wahubiri kwa njia ya simu na intaneti. Husimuliwa kwamba tai huishi miaka 70, lakini afikapo miaka 40 mdomo wake hupinda, makucha hulegea na manyoya huwa mazito. Ndipo hupanda mlimani, huugonga mdomo mwambani hata ung'oke, hungoja uote mwingine, kisha hujing'oa makucha na manyoya. Baada ya siku 150 huruka tena kama kijana. Msingi wa kisa hiki husemwa kuwa ni Isaya 40:31 na Zaburi 103:5. Hatuna budi kukiuliza maswali mawili: Je, ni kweli? Na je, chasema lisemwalo na Maandiko?

Kuhusu swali la kwanza, jibu ni wazi. Mdomo wa tai una mfupa ndani yake; ukivunjika wote hauoti upya, na ndege asiyeweza kula hafikishi siku 150. Manyoya yake hubadilika kidogo kidogo, ili asikose kuruka na kuwinda. Tena, umri wa miaka 70 haujathibitishwa kwa tai wa porini. Huko Marekani, tai mmoja aliyevishwa pete mguuni mwaka 1977 alikutwa amekufa katika jimbo la New York mwaka 2015, mwenye miaka 38, na hata umri huo ulistaajabisha wataalamu.

Hata hivyo, kisa hiki hakikuzaliwa jana. Aristotle aliandika kwamba mdomo wa tai mzee hurefuka hata akafa kwa njaa. Augustino, alipoifafanua Zaburi ya 103, alieleza kwamba tai huusugua mdomo huo mwambani, akapata kula tena. Yeye alipokea elimu ya viumbe ya wakati wake, wala hatumlaumu. Lakini tuangalie jambo moja: kwa Augustino, mwamba ule ni Kristo. Katika kisa cha leo mwamba umebaki jiwe tu, na sifa yote amepewa ndege kwa ushujaa wake wa kujiumiza.

Hapa ndipo swali la pili linapotubana. Nabii alisema na watu waliochoka uhamishoni Babeli. Katika Isaya 40:29-31 hata vijana huzimia; anayetoa nguvu ni Bwana, nao wamngojao huzipokea. Kisa chetu chageuza neno hilo kuwa amri: jivunje, ujifanye upya. Mjane aliyelemewa, au mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, alikuja kusikia ahadi. Anarudi nyumbani na mzigo wa matendo. Sisi tulio warithi wa fundisho la kuhesabiwa haki kwa neema tulipaswa kuwa wa kwanza kuitambua hitilafu hiyo.

Wako watakaosema kwamba hata Bwana Yesu alifundisha kwa mifano, na kwamba wasikilizaji hubarikiwa. Ni kweli, lakini aliyesikia mfano alijua ni mfano. Kisa cha tai husemwa kama habari ya viumbe wa Mungu, pamoja na hesabu za miaka na siku ili kiaminike. Mwanafunzi wa sekondari akigundua katika somo la biolojia kwamba si kweli, atauliza pia juu ya kaburi lililo wazi, ambalo alihubiriwa katika mimbari ileile.

Kwa hiyo, kabla ya kukipeleka kisa chochote madhabahuni, mhubiri aulize: Nani aliona, na wapi? Wajuzi wa jambo hilo wanasemaje? Na tukiliondoa, je, andiko limepungukiwa na nini? Kwa habari ya tai, andiko halipungukiwi na kitu. Tai apaaye juu akichukuliwa na upepo asioufanya yeye mwenyewe ni mfano wa kweli, nao watosha kuhubiri neema.