Viungo Visivyofichwa

Mwezi wa Desemba jua la Copenhagen huchomoza yapata saa mbili na nusu asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Mchana mzima ni saa saba tu, tena mara nyingi chini ya wingu zito la kijivu. Ifikapo Juni mambo hugeuka, mchana ukarefuka kupita saa kumi na saba. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hugawana siku nusu kwa nusu mwaka mzima, hatukulelewa kuuhesabu mwanga kuwa mali. Ndiyo maana tukizitazama picha za vyumba vya Skandinavia, zenye kuta nyeupe, sakafu ya mbao iliyopauka, dirisha lisilo na pazia, kiti na meza basi, tunadhani tunatazama mtindo wa mapambo. Weupe ule ulianza kwa watu wenye njaa ya jua, waliotaka kila mwale unaoingia dirishani ufike mpaka ukuta wa mwisho.

Njaa hiyo ni ya zamani. Uswidi ya Mfalme Gustav III, aliyetawala kuanzia 1771 hadi 1792, ilizipaka kuta na samani rangi za kijivu hafifu, ikatundika vioo vyenye vishikio vya mishumaa ili mshumaa mmoja uangaze kama miwili. Umeme ulipoingia majumbani, Mdenmark Poul Henningsen aliona kwamba balbu tupu inayoning'inia darini inaumiza macho na kuzichusha nyuso za watu. Katikati ya miaka ya 1920 akaunda taa yenye vifuniko vitatu vilivyopangwa kwa hesabu, hata aliyeketi mezani asiione balbu yenyewe, aupate tu mwanga uliokwisha kulainishwa. Taa zake zingali zinatengenezwa, na ile aliyoibuni mwaka 1958, iitwayo PH 5, utaikuta juu ya meza nyingi za chakula nchini kwake. Hutundikwa chini, karibu na sahani, na pembe za chumba huachiwa kivuli chake. Huo nao ni uamuzi wa fundi: kujua mahali pa kuangaza na mahali pa kuacha.

Kuna mchoraji aliyeuona uzuri wa chumba kilichopunguzwa mapema kuliko wengi. Vilhelm Hammershøi aliishi na mkewe Ida katika nyumba namba 30 ya mtaa wa Strandgade, Copenhagen, kuanzia 1898 hadi 1909, akavichora vyumba vya nyumba hiyo tena na tena. Mlango ulio wazi unaonyesha mlango mwingine. Mwanamke amesimama, ametupa mgongo. Jua limeanguka sakafuni kwa umbo la dirisha. Vitu ni vichache mno, na ukikaa na michoro hiyo kwa muda unaanza kuuona mguu wa meza: unene wake, unavyopungua kuelekea chini, kivuli unachokitupa. Katika sebule iliyojaa makochi na makabati, nani aliwahi kuuona mguu wa meza?

Kutoa vitu nje ni kazi ya asubuhi moja, na yeyote anaiweza. Ugumu uko kwa kile kinachobaki ndani. Kiti kilichozungukwa na vitu kumi kina mahali pa kujificha. Kiti kilichoachwa peke yake kwenye sakafu tupu, mbele ya ukuta mweupe, hakina. Kila kasoro yake iko hadharani. Kwa hiyo utulivu wa vyumba hivi, ambao watu huutafuta kwenye kopo la rangi, umebebwa na mikono ya seremala. Yeye ndiye ninayetaka kumsifu.

Hata huo weupe si sharti. Huko Sundborn, katika jimbo la Dalarna nchini Uswidi, iko nyumba ya mchoraji Carl Larsson na mkewe Karin, waliyopewa na baba yake Karin mwaka 1888. Nyumba hiyo ina wekundu, kijani na manjano, na vitambaa alivyovifuma Karin mwenyewe. Kitabu cha michoro ya nyumba hiyo kilichotoka mwaka 1899 kiliwafundisha Waswidi wengi kupenda nyumba nyepesi, zenye nafasi ya watoto kucheza, badala ya sebule nzito za mahameli. Ukiiweka Sundborn karibu na vyumba vya Hammershøi, rangi zinagombana kabisa. Hata hivyo katika nyumba zote mbili kila kitu kina kazi yake na mahali pake.

Nchini Denmark jambo hili lilipata shule. Mwaka 1924 Kaare Klint alianza kufundisha ubunifu wa samani katika Chuo cha Sanaa cha Kifalme mjini Copenhagen, na alichowapa wanafunzi wake kwanza kilikuwa futi ya kupimia. Alipima mwili wa mtu aliyeketi. Alipima vyombo na nguo, ili kabati litoshe kile kinachowekwa ndani yake, lisizidi wala lisipungue. Aliwafundisha kwamba viti vya kale vina majibu tayari, na kwamba anayebuni kiti bila kuvisoma vya waliotangulia anajitwika mzigo usio wake. Yeye mwenyewe alivisoma vya Wachina, vya Waingereza, vya jumuiya za kidini za Washaker wa Marekani. Mwaka 1933 alitoa kiti chepesi cha mbao na turubai kinachofungwa kwa mikanda, kinachovunjwa vipande na kuunganishwa tena bila gundi wala msumari. Mfano wake ulikuwa viti vya maafisa wa jeshi la Kiingereza, vya aina ile iliyobebwa vichwani na wapagazi katika misafara ya huku kwetu. Kinaitwa Safari mpaka leo.

Shule peke yake isingetosha. Kuanzia 1927 hadi 1966 chama cha mafundi seremala wa Copenhagen kilifanya maonyesho kila mwaka, na humo mbunifu na fundi walifanya kazi bega kwa bega. Mchoro ulifika karakanani, fundi akasema mbao haitakubali mkunjo huu, mbunifu akachora upya. Nadhani hapa ndipo penye siri kubwa kuliko zote. Mbunifu asiyejua randa huchora vitu ambavyo mbao haivitaki, na fundi asiyeulizwa maoni huishia kutii tu.

Hans J. Wegner alikuwa yote mawili. Alizaliwa mwaka 1914 katika mji mdogo wa Tønder, kusini mwa Denmark, baba yake akiwa mshona viatu. Alijifunza useremala angali kijana kabla ya kwenda Copenhagen kusomea ubunifu, na hadi alipofariki mwaka 2007 alikuwa amebuni viti zaidi ya 500. Mtu anaweza kujiuliza kuna nini katika kiti hata kimshughulishe mtu umri wake wote. Jibu liko katika kiti kimoja cha mwaka 1949.

Kiti hicho kina miguu minne ya duara na ubao mmoja unaozunguka kutoka mkono wa kulia, ukapita mgongoni, ukafika mkono wa kushoto. Hivyo ndivyo jicho linavyoona. Kwa kweli ubao huo ni vipande vitatu, kwa sababu huwezi kuchonga mzunguko wa namna hiyo kutoka gogo moja bila kuukata uzi wa mbao na kuuacha ukiwa dhaifu. Lazima viungwe. Mara ya kwanza Wegner aliona maungio yale hayapendezi, akauviringishia mgongo wa kiti henzirani, ile ile iliyosukwa kwenye kikalio, ili yasionekane. Kiti kilisifiwa hivyo. Lakini mwaka uliofuata aliiondoa henzirani ya mgongoni. Alikuwa amepata kiungo kingine, cha meno yanayoingiana kwa mwendo wa kupanda na kushuka, na kiungo hicho akakiacha wazi, mbele ya macho ya kila mtu. Meno hayo yanashika zaidi kwa sababu gundi inapata eneo kubwa la kukamata, na mstari wake wa pembepembe umekuwa pambo pekee la kiti kizima. Hakuna nakshi wala rangi iliyoongezwa. Mwaka 1960, Kennedy na Nixon, wagombea urais wa Marekani, walipokutana kwenye mdahalo wa televisheni, viti walivyowekewa vilikuwa vya aina hii.

Kila nikifikiria uamuzi ule wa kuondoa henzirani, naona kilele cha ufundi wote ninaousifu. Kupunguza kwa Wegner kulikuja baada ya kazi kuongezeka. Aliweza kukifunua kiungo kwa kuwa alikuwa amekifanya kistahili kuonwa.

Siku hizi picha za vyumba hivi zimetufikia sote kwenye simu, na wateja huzipeleka kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, waigiziwe. Ningemwomba mteja asianze na rangi ya ukuta. Amwulize fundi kiti kitaungwa vipi: ni ulimi ulioingia tundu lake barabara, au ni misumari na kipande cha kitambaa cha kufunikia? Mafundi wetu wanaijua mininga na mivule, na wengi wanaweza kazi ya ulimi na tundu wakipewa muda na bei inayolingana. Tunapowabana kwa haraka na bei ya chini, kisha tukasema samani zetu hazina utulivu wa zile za pichani, tunawadhulumu.

Kiti kingine cha Wegner, kinachotengenezwa na kampuni ya Carl Hansen & Søn tangu 1950, kinajulikana kwa mgongo wake wenye umbo la herufi Y. Kukikamilisha kunapita hatua zaidi ya 100, nyingi zikiwa za mikono. Ile ninayoipenda mimi ni ya mwisho, ya kikalio. Mtu aliyewahi kumtazama mzee akiwamba kitanda cha kamba uani ataielewa papo hapo: vuta, zungusha, kaza, sukuma ikae bega kwa bega na mwenzake. Kamba yenyewe ni ya karatasi iliyosokotwa. Ilipata umaarufu Denmark wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, majani ya baharini yaliyokuwa yakisukiwa vikalio yalipoadimika, na vita vilipokwisha haikuachwa, kwa kuwa ilikuwa imara na haikuchakaa upesi. Kikalio kimoja hula mita 120 hivi za kamba, na msukaji mzoefu hukimaliza kwa takriban saa moja. Mbele ya kiti ni pana kuliko nyuma, kwa hiyo huanza kwa kuzijaza pembe za mbele mpaka upana ulingane, ndipo azunguke pembe zote nne. Akikosa kukaza mzunguko mmoja, hautajificha. Mistari minne inayokutana katikati itapinda na jicho litapaona.

Mbao za viti hivi huoshwa kwa sabuni. Jambo hili liliponifikia mara ya kwanza lilinishangaza, maana kwetu mbao nzuri hupakwa vanishi ing'ae. Wadenmark huyeyusha chenga za sabuni katika maji moto, hupaka kwenye mbao isiyo na kitu, hufuta, huacha ikauke, kisha hurudia. Sabuni hukaa ndani ya vinyweleo vya mbao na kuikinga na uchafu, na mbao hubaki na weupe wake badala ya kugeuka manjano. Kinga hiyo huisha, kwa hiyo kazi hurudiwa, na kila uoshaji huongeza ulaini. Vanishi huweka ngozi kati ya mkono na mbao. Sabuni huacha mkono uguse mti wenyewe. Ndiyo kusema mwenye nyumba naye anaingizwa katika ufundi. Utulivu wa chumba chake utadumu maadamu yuko tayari kuinama na kitambaa.

Inanihuzunisha kwamba bei ya vingi vya viti hivi leo ni ya wenye nacho, kwa sababu haikukusudiwa iwe hivyo kwa vyote. Børge Mogensen, rafiki wa Wegner aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1914, aliongoza kuanzia 1942 ofisi ya samani ya FDB, muungano wa vyama vya ushirika vya wanunuzi wa Denmark. Kazi yake ilikuwa kubuni samani zinazoweza kununuliwa na familia ya mfanyakazi na kutoshea katika nyumba ndogo. Mwaka 1947 alitoa kiti cha mbao nyeupe ya mti wa bøg, ambao umeenea katika misitu ya nchi hiyo, na kikalio cha kamba ya karatasi. Watu wenyewe walikiita Kiti cha Watu. Hakina hata mkunjo mmoja wa kujionyesha: miguu imenyooka, vijiti vya kuishikanisha ni vyembamba, mgongoni upo ubao mmoja mpana uliopinda kidogo kuupokea mgongo. Nikiambiwa nichague kiti kimoja katika vyote nilivyovitaja, nitachukua hicho.

Viti vya namna hii vilijengwa vikisubiri matengenezo. Kamba ya karatasi hustahimili miaka mingi ya kukaliwa, kisha hulegea na kukatika ukingoni. Hapo kiti hurudishwa kwa msukaji. Hukata kamba yote kwa kisu, huifungua fremu iliyokuwa imefichwa chini yake, hukaza kiungo kilichoanza kucheza, huosha mbao kwa sabuni, halafu huanza upya kutoka pembe za mbele. Ukubwa wa kamba haujabadilika wala njia ya kuizungusha, hivyo kiti kilichosukwa mara ya kwanza mwaka 1950 kinaweza kusukwa tena leo na kijana aliyejifunza kazi hiyo juzi, na asiyejua historia yake hatatambua mkono upi ulianza na upi umemalizia.