Kumsoma Gurnah Jibondo

Jibondo kimelala kusini ya Chole na Juani, kisiwa cha mwamba, chini chini, chenye udongo haba. Kulima ni taabu na maji ya kunywa ni shida ya tangu zamani. Watu wake wameishi kwa samaki, pweza na mwani, na kwa kazi iliyowapa jina katika visiwa vyote vya Mafia: kuunda mashua na majahazi. Fundi hana karatasi ya mchoro. Hulaza mkuku, husimamisha hanamu na fashini, kisha hupanda na mbao kwa jicho na tezo mpaka chombo kitoke.

Nilimkuta mzee mmoja ufukweni anakalafati mashua. Alikuwa amesokota pamba iliyolowa mafuta, anaishindilia kati ya ubao na ubao kwa patasi butu, nyundo ikienda polepole. Mlio ulikuwa mzito muda wote, halafu mahali pamoja ukawa mwepesi. Akasimama, akarudi nyuma shibiri moja, akaichokonoa ile pamba yote akaitoa.

"Mbona naona ilikuwa imekaa, fundi?" nikamuuliza.

"Haijashiba, mwalimu. Ikishapakwa rangi wewe hutaiona. Maji yataiona."

Akaanza upya.

Mkobani nilikuwa na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Nimeisoma riwaya hiyo kwa Kiingereza tangu nikiwa mwanafunzi wa fasihi ughaibuni, na sasa naisoma na vijana wanaotaka kufuata njia ileile: kuomba nafasi katika vyuo vya Uingereza, kusoma fasihi ya Kiingereza na uandishi wa kubuni, kurudi wakiwa waandishi. Huniuliza chuo kitawapa nini. Mimi huwapeleka kwa Gurnah, kwa kuwa sijui mwanafunzi mgeni mwingine kutoka pwani yetu ambaye kazi yake inalijibu swali hilo kwa uwazi kiasi hicho.

Alizaliwa Unguja mwaka 1948. Aliondoka akiwa na miaka 18, mwishoni mwa miaka ya 1960, Mapinduzi yakiwa bado mabichi, na hakupata kurudi hadi 1984. Mjini Canterbury alifanya kazi ya utumishi hospitalini. Alisoma Christ Church College, ambayo digrii zake wakati ule zilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Alipata udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982, akichunguza vigezo vya kuhakiki riwaya za Afrika Magharibi. Alifundisha Kano, Nigeria, kisha Kent mpaka alipostaafu. Riwaya yake ya kwanza, Memory of Departure, ilitoka 1987. Fanya hesabu: ni karibu miaka 20 tangu aliposhuka Uingereza. Paradise ilitoka mwaka 1994 na kuingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker, na Nobel ikaja Oktoba 2021. Katika hotuba ya kupokea tuzo hiyo alieleza kwamba shuleni Zanzibar kuandika kulikuwa raha tu, kazi ya darasani aliyoipenda, na kwamba ni upweke wa ugenini uliomfanya akae chini aandike kwa kuhitaji.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Paradise inaanza na Yusuf, mtoto wa miaka 12, ambaye baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa Kawa, kwenye reli. Ami Aziz, tajiri mwenye kunukia vizuri, huja kuwatembelea, na kila anapoondoka humwachia mtoto sarafu ya anna kumi. Mtoto anaingoja sarafu. Safari moja anaambiwa atakwenda na ami. Gurnah hasemi kwamba mtoto ametolewa rehani kwa deni la baba. Anatuonyesha mama mwenye kukwepa, baba mwenye kusema kwa mkato, na mtoto ambaye haulizi atakaa huko muda gani. Msomaji anaanza kuhofu kabla ya Yusuf. Ni baadaye, dukani pwani, ambapo Khalil, kijana aliyetangulia kuwekwa rehani, anamwambia wazi kwamba Aziz si ami yake na asimwite hivyo, amwite Seyyid.

Mwandishi asiye na subira angeimaliza habari hiyo katika ukurasa wa pili na kumliza mtoto na sisi pamoja naye. Gurnah anaizuia. Zile anna kumi, ambazo mwanzo zilikuwa zawadi, zinageuka mikononi mwetu bila yeye kuongeza neno. Humo humo mwanzoni ameweka Wazungu wawili wamesimama stesheni, wa kwanza Yusuf kupata kuwaona. Wanapita kama jambo la pembeni. Kitabu kinapofika ukingoni, jeshi la Wajerumani linapita na askari wake, na Yusuf anafanya uamuzi ambao siwezi kuwasimulia wasioisoma. Ile stesheni ilikuwa imewekwa pale kwa kazi hiyo.

Katikati kuna safari ya msafara kwenda bara. Aliyekaa katika darasa la fasihi ya Kiingereza anaijua safari hiyo: ni ya Joseph Conrad, Heart of Darkness, ya mwaka 1899, ambamo mto wa Kongo unaonwa kutoka juu ya meli na Waafrika wa ufukweni karibu hawana kauli. Gurnah amefundisha na kuhakiki vitabu vya namna hiyo maisha yake yote. Katika Paradise safari ni ya watu wa pwani wenyewe, na msafara mzima unasema: wapagazi wanateta, mnyapara Mohammed Abdalla anatisha na kutukana, watu wanasimuliana majini na miji ya mbali, wanaibiwa, wanaugua. Ndani ya riwaya hiyo kuna kisa kingine ambacho mtoto yeyote aliyepita chuo cha Kurani Jibondo angekitambua kabla ya profesa yeyote wa Canterbury. Kijana mzuri wa sura aitwaye Yusuf, nyumba ya tajiri, bibi wa nyumba aliyemtamani, kanzu iliyochanwa kwa nyuma. Ni kisa cha Sura ya Yusuf, kimo humo.

Hapo ndipo ninapomkumbuka yule mzee na pamba yake. Kurani na Conrad ni mbao mbili zilizotoka misitu mbalimbali, na Gurnah amezikutanisha ukingo kwa ukingo hata maji hayapiti. Hakuweka tanbihi ya kumfafanulia Mwingereza habari za Nabii Yusuf. Hakuweka ishara ya kumkonyeza msomaji wa Conrad. Ukiwa na maktaba moja kati ya hizo mbili kitabu kinakubeba. Ukiwa na zote mbili unaona kazi iliyofanyika.

Katika By the Sea ya mwaka 2001 ufundi huo umekwenda mbali zaidi. Mzee Saleh Omar anafika uwanja wa Gatwick kwa pasi ya mtu mwingine, amekatazwa kuonyesha kwamba anajua Kiingereza. Mkobani ana kijisanduku cha udi. Afisa wa uhamiaji, ambaye wazazi wake nao waliingia nchini kama wakimbizi, anafungua, ananusa, anauchukua. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kilichochukuliwa: harusi, maiti, Ijumaa, nguo za Idi. Gurnah anaujua uzito huo, lakini anauacha udi utajwe na mzee mwenyewe, kwa bei yake, kwa mfanyabiashara aliyeuleta na msimu wa kaskazi, na kwa nyumba iliyogombewa kwa ajili ya mkopo. Katika riwaya hiyo hiyo yumo Latif Mahmud, kijana wa Unguja aliyepelekwa Ujerumani Mashariki kusomea udaktari wa meno akaishia kufundisha fasihi London. Wanapokutana na Saleh, watu wa mtaa mmoja wenye ugomvi wa nyumba, kinachowalainisha mwanzoni ni hadithi ya Mmarekani Herman Melville juu ya karani Bartleby, ambayo kila mmoja aliisoma kwa njia yake. Sijaona ushahidi bora kuliko huo wa kwamba fasihi ya wageni yaweza kuwa mali ya mtu wa Unguja bila yeye kuacha chochote cha kwao.

Sasa darasa la uandishi. Utaratibu wake vyuoni unajulikana: mwanafunzi anagawa kurasa zake, wenzake wanakaa duara, wanasema palipolegea, mwenyewe ananyamaza. Chuo Kikuu cha East Anglia kilianzisha shahada yake ya uzamili mwaka 1970 na vingine vikafuata. Ni utaratibu mzuri, na kwetu si mgeni kabisa. Washairi wa gazeti la Mambo Leo walikosoana vina na mizani hadharani, toleo kwa toleo, kwa miaka. Lakini Gurnah hakupita katika darasa hilo. Alijifunza kwa kusoma na kuhakiki, yaani kwa kukifumua kitabu cha mwenzake mpaka aone kilivyoungwa. Mwanafunzi mgeni mwingine, Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya, alifika Chuo Kikuu cha Leeds mwaka 1964, akaandika huko A Grain of Wheat, akarudi Nairobi, na mwaka 1968 yeye, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba wakataka idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika ikae katikati. Baadaye akageukia Kikuyu. Gurnah alibaki na Kiingereza. Mimi nawaheshimu wote wawili, na sioni haja ya kijana kuchagua upande kabla hajasoma.

Jioni moja barazani niliusoma kwa sauti mwanzo wa Peponi. Kiswahili cha Hadjivayanis, ambaye anafundisha SOAS mjini London, kinatembea vizuri mdomoni, hukwami. Nilipofika mtoto anapandishwa garimoshi, kijana mmoja wa kama miaka 15 aliyekuwa akishona wavu akaninyamazisha kwa mkono.

"Baba'ke alikuwa anajua?"

"Wewe unaonaje?"

"Alijua. Mama naye alijua. Endelea."

Kurasa zilikuwa bado hazijatamka hilo. Ameling'amua mwenyewe, kwa mama aliyekwepa na baba aliyesema kwa mkato. Ile miaka yote ya kusoma na kuhakiki ilikwenda katika kazi hii, na kijana ambaye hajapata kutoka Mafia ameipokea nzima.

Kwa hiyo unayejaza fomu za kwenda kusoma fasihi ng'ambo, usingoje viza ndipo uanze. Msome Shaaban Robert, msome Kezilahabi, sikiliza hadithi za bibi zako, zijue sura ulizozihifadhi chuoni. Ukifika huko wasome Conrad na Melville kwa heshima na kwa ukali. Riwaya usiiharakishe. Na nyinyi wenye uwezo, wafadhili, wachapishaji na halmashauri, pelekeni nakala za Peponi katika shule za Chole, Juani na Jibondo. Kitabu kimechapishwa nchini, kwa lugha yao, na wasomaji wapo.